Tafsiri ya Flaviana

Mtoto wa dada yangu, Flaviana, analipwa kwa kusema maneno ya watu wengine. Anakaa ofisini Richardson, hapa Texas, na vipokea sauti masikioni. Daktari yuko huku, mgonjwa anayejua Kiswahili tu yuko kule, na yeye yuko katikati. Mgonjwa akisema nasikia moto kifuani, Flaviana hamwambii daktari kwamba mama huyu anasema anasikia moto. Anasema kwa Kiingereza, nasikia moto kifuani, kana kwamba kifua ni chake. Ndiyo sheria ya kazi yao. Unasema "mimi" kwa niaba ya mwenye maneno, huongezi, hupunguzi. Siku moja alikuja kwangu Cedar Hill akashindwa kula, kumbe mchana kutwa alikuwa amesema "mimi" ya mama aliyefiwa na mtoto.

Nayasema haya mapema ili ujue kwamba mtu aliyemdanganya mama yake miezi miwili, jioni baada ya jioni, kwenye kochi la kijivu huko Carrollton, alikuwa anajua sana kutafsiri.

Mama mwenyewe ni dada yangu Yustina, Mama Severin. Alikuja kutoka nyumbani kwetu Kamachumu mwanzoni mwa majira ya joto kumtembelea bintiye, na katika mzigo wake alileta vitu viwili. Kimoja ni kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, maana kwetu Wahaya mgeni akiingia anapewa kahawa kwanza, anakaa chini, anatafuna, ndipo mambo mengine yanafuata. Kingine ni swali. Flaviana ana miaka thelathini na kitu, ana nyumba, ana gari, ana kazi. Anaolewa lini?

Swali hilo aliliuliza siku ya pili tu, wakati Rosette yuko jikoni. Rosette ni Mkongo wa Bukavu, nesi wa Fort Worth, naye alitambulishwa kama rafiki. Alikuwa anaingia na bakuli la kisamvu, anainama kwa heshima zote na kusema, "Maman, naleta sombe. Iko na mawese ya kweli, ya kwetu kabisa." Anampima dada presha, anamsugulia miguu. Dada akawa anamsifia kwa kila mtu. Mkongo huyu ana mkono, anasema, mwanaume atakayempata ana bahati.

Mimi nilijua. Nilijua tangu siku nilipomwona Rosette akimtoa Flaviana uzi begani bila kukatisha maneno aliyokuwa akisema. Sikuulizwa, na mimi sikusema. Watu wa jumuiya yetu wanasema nina mdomo, na kweli ninao, lakini huwa naufunga nikitaka.

Uongo wenyewe ulianzia kwenye tamthilia ya runinga. Dada aliikuta inaendelea. Flaviana na Rosette walikuwa wanaiangalia, Yustina akatoka kuoga, akakaa katikati yao na kanga yake. Ilikuwa hadithi ya wanawake wawili wenye duka la mikate katika mji wa baridi, mmoja mrefu, mwingine ana miwani. Wanapendana. Dada Kiingereza hakijui, lakini alipenda jiko lao, alipenda zile sufuria za shaba. Akauliza, "Hawa ni nani?"

Flaviana alishikwa na woga, akajibu, "Ni mtu na dada yake, Mama. Walipotezana utotoni."

Basi, limekwisha hilo. Kutoka hapo ikabidi kila jioni aendeleze. Dada yangu alizoea vijana wa kibanda umiza kule nyumbani, wale wanaotafsiri sinema ya Kichina huku wakitia chumvi zao, kwa hiyo hakuona ajabu kwamba mtu anaongea sana juu ya sauti ya runinga. Flaviana akatunga baba katili, akatunga urithi, akatunga mama mlezi aliyeficha cheti cha kuzaliwa. Alikuwa na kipaji, sitamnyima. Wale wawili wakikaribiana nyuso, kidole chake kinabonyeza, picha inaruka mbele, anasema mtandao unasumbua.

"Amerika yote hii," dada akasema siku moja, "mtandao unakwama palepale wanapotaka kukumbatiana?"

Nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Flaviana hakucheka, na usoni mwake niliona mtu aliyechoka.

Jumapili moja jumuiya ilisali kwangu. Tulipomaliza rozari, wanawake wakakaa na sahani zao za ndizi, na dada yangu akaanza kuwasimulia. Kamachumu wanamjua kwa kusimulia, anapanda na kushuka, anaigiza sauti. Akawapa baba katili, akawapa cheti cha kuzaliwa, akafika mahali Mrefu anapomfuta dada yake machozi jikoni, na yeye mwenyewe machozi yakamlengalenga. Nilianza kukusanya sahani ambazo watu hawajamaliza.

Ndeshi, mmoja wa wanawake wa jumuiya, hakuweza kujizuia. Simwiti mbaya, ana binti wa miaka kumi na sita na hiyo tamthilia inaangaliwa kwake. "Mama Severin, samahani," alisema. "Wale si ndugu. Wale ni wapenzi. Tena juzi wamevishana pete."

"Labda ni nyingine," nikasema.

"Ni hiyohiyo, Prudensia. Ya duka la mikate."

Mtu mmoja kwenye kona alicheka, na wengine wawili wakafuata, si kwa ubaya, kwa jinsi kicheko kinavyoambukiza. Nilitamani kumwagia mtu mchuzi. Dada yangu akashusha mikono aliyokuwa ameinua, akaiweka mapajani. "Aa," alisema. Kisha akaomba maji.

Kumrudisha Carrollton unalivuka jiji lote la Dallas kutoka kusini hadi kaskazini, na tulikuwa tumeyapita yale majengo marefu ya katikati dada aliponiita.

"Prudensia. Kiingereza unakijua."

"Nakijua."

"Umekaa na sisi kwenye lile kochi."

"Nimekaa."

"Ukamsikia mtoto anavyonisimulia."

"Nilimsikia, dada. Nikanyamaza. Ningerudi pale ningenyamaza tena."

Aligeukia dirisha. Magari yalikuwa yanatupita kulia na kushoto. "Hadithi ya watu wa kwenye runinga," alisema taratibu. "Kwa nini mtu aogope kumwambia mama yake hadithi ya watu wa kwenye runinga?"

Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa langu la kutoa. Nikaongeza mwendo kidogo, kama vile tunachelewa mahali.

Wiki ile runinga haikuwashwa. Dada hakuiomba, na Flaviana hakuitaja. Rosette aliambiwa asije, na dada hakuuliza yuko wapi. Flaviana akawa ananipigia simu akiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisini.

"Ma'mdogo, amejua?"

"Amejua umemdanganya. Kilichobaki sijui."

"Haniulizi kitu. Haniulizi hata kama nimekula. Ma'mdogo, nina-panic. Baba hayupo. Akipanda ndege ana hasira na mimi, akifika kule akaacha kunipigia Jumapili, mimi nabaki na nani?"

"Mwambie basi."

"Nita-say nini? Nikianza, maneno yananiishia."

Na hapo akaingia Severin. Severin ni kaka yake mkubwa, yuko Houston na mke na watoto, anapanga safari za malori, na amezoea kuwaambia watu wapite wapi. Habari za kicheko cha Cedar Hill zilimfikia kwa simu, siulizi kupitia kwa nani; la Rosette alishalijua siku nyingi. Ijumaa akanipigia.

"Ma'mdogo, shikamoo. Kesho nina-drive kuja kumchukua Mama. Amalizie siku zake kwangu."

"Marahaba. Mbona hivyo?"

"Unajua kwa nini. Hawezi kukaa nyumba ile. Na nikifika nitamwambia yote, mbele ya Flaviana. I'm done na huu uongo."

"Severin, hilo neno si lako."

"Ni la familia," alisema, akakata.

Nilimwambia Flaviana hivi: kaka yako akikutangulia kwa mama yako na neno hilo, litaingia masikioni mwa mama kama kosa lililokamatwa. Likitoka kwako, angalau litakuwa lako. Una mpaka kesho. Alilia, nikamwacha alie, kisha nikamwambia nitakuja nikae naye.

Jumamosi mchana nilikuta sanduku la dada limesimama karibu na mlango, limefungwa. Severin alishampigia akamwambia ajiandae, na yeye alijiandaa bila kuuliza sababu. Alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa viatu, kikapu cha kahawa kiko pembeni yake. Flaviana alikuwa jikoni anaosha kikombe kisafi. Simu yake ikalia juu ya kaunta, akaniinulia nione: Severin ameshapita Corsicana. Ukipita Corsicana hujabakiza safari ya kusema safari.

Nikamfanyia ishara kwa kidevu. Sema.

Akaja sebuleni, akasimama. "Mama," akasema. Dada akamwangalia. "Mama, nikutengenezee chai?"

Nilitaka kumfinya.

"Sitaki chai," dada akasema. "Washa tamthilia. Nataka kuiona kabla sijaondoka."

Flaviana alichukua rimoti. Akakaa kwenye kochi kando ya mama yake, rimoti mapajani.

"Subiri," dada akasema. "Ukiwa kazini kwako, ukabadilisha neno la mgonjwa, wanakufanya nini?"

"Wananifukuza, Mama."

"Basi washa. Tafsiri kama uko kazini."

Sehemu waliyokuwa wamefikia, Mungu shahidi wangu, sikuipanga mimi na hakuipanga mtu. Mrefu yuko jikoni kwa mama yake, mikono ina unga. Mama yake anaosha vyombo, amempa mgongo. Mrefu akaanza kuongea. Sentensi ya kwanza ikapita bila tafsiri. Ya pili ikapita. Dada hakugeuza kichwa, macho yake yalikuwa kwenye runinga, na kahawa aliyokuwa nayo mdomoni ameacha kuitafuna. Nilikuwa nasikiliza mlango kwa sikio moja.

"Mama," Flaviana akasema. Ilikuwa sauti ya kazini, tambarare, ile ninayoijua. "Mama, naomba uache vyombo. Nina neno."

Kwenye runinga mama akacheka, akasema kitu kuhusu harusi ya jirani.

"Usinicheke, tafadhali," Flaviana akaendelea, na hapo yalikuwa bado maneno ya Mrefu, neno kwa neno. "Nimelibeba siku nyingi, na leo nisipolisema nitaumwa. Mimi nampenda mwanamke. Yule unayemwita rafiki yangu. Si rafiki."

Dada yangu akachukua rimoti kutoka mapajani mwa bintiye. Alitafuta kitufe kwa kidole, kile nilichomfundisha mimi mwenyewe wiki ya kwanza, akabonyeza. Sauti ikakatika. Mrefu akabaki anachezesha midomo.

Flaviana aliitazama ile midomo. Angeweza kuishia hapo na mtu asimlaumu. Hata kazini kwao, mtafsiri asiposikia hasemi. Angesema mtandao, angesema chochote.

"Anaitwa Rosette," akasema.

Jamani, macho yangu yakamrukia dada.

"Anaitwa Rosette, Mama. Ndiye aliyenilaza hospitali na kunitoa mwaka ule nilipokuambia kwenye simu nina mafua. Sikuwa na mafua, nilipasuliwa. Ukiwaambia watu kwamba nachagua sana wanaume, unanitetea, najua, lakini sichagui. Sitaolewa na mwanaume. Sikutaka ulijue kwa Ndeshi. Nilitaka ulijue kwangu, na kila jioni nilikuwa nasema kesho. Naogopa utaondoka leo usinipigie tena Jumapili. Naogopa hilo kuliko kitu chochote."

Alipiga magoti kwenye zulia, kama tunavyopiga kwetu tukimwamkia mkubwa, akakaa hapo na mikono mapajani. Runinga iliendelea kimyakimya nyuma yake.

"Rosette wa sombe?" dada akauliza.

"Wa sombe."

"Anayenipima presha."

"Ndiyo, Mama."

Dada akaitoa kahawa mdomoni, akaishika mkononi. "Nimekuombea mume na rozari mpaka punje zimelainika," alisema. "Kamachumu nitasema nini? Wakiniuliza mkwe, nitasema nini?"

"Sijui, Mama."

"Hujui. Na mimi sijui." Namjua dada yangu, hasira yake haina kelele. "Lakini kuna hili. Ulinipa watu ambao hawapo, Flaviana. Nikawapenda. Nikawalilia usiku kitandani, yule baba yao nikamlaani. Nikaenda kuwasimulia mbele ya wanawake wenzangu, wakanicheka. Unawaambia wagonjwa usiowajua ukweli wa miili yao, na mimi niliyekuzaa ukanikalisha hapa kama mtoto wa kubembelezwa."

Flaviana hakujitetea. "Nisamehe," alisema. "Hilo nisamehe. Lile lingine siwezi kukuomba msamaha, Mama, kwa sababu ndivyo nilivyo."

Lilikuwa neno kali kumwambia mama ukiwa magotini. Nilimwogopea, na hapohapo nilijivuna naye.

Mlango ukagongwa, na Severin akaingia kabla hajakaribishwa, funguo mkononi. Aliniamkia mimi, akamwamkia mama yake, dada yake akampita kwa macho.

"Mama, uko ready? Gari inaunguruma hapo nje, nime-park vibaya." Akashika mpini wa sanduku, kisha akavuta pumzi. "Lakini before tuondoke, kuna kitu lazima ujue kuhusu Flaviana. Nimevumilia—"

"Nimeshaambiwa," dada akasema.

"Umeambiwa na nani?"

"Na mwenyewe."

Severin mzigo huo alikuwa ameubeba kutoka Houston, na sasa hakuwa na mahali pa kuutua. Akanitazama mimi, nami nikatazama dari.

"Okay," alisema mwishowe. "Then let's go, Mama. Twende. Tutaongea njiani."

Dada akasimama. Amevaa viatu, nimesema. Alivuta kanga begani, na mgongo wa Flaviana pale chini ukanyooka kama wa mtu anayesubiri sindano. Sikuwahi kuuchukia mlango wa mtu kama nilivyouchukia ule.

Dada akainama, akachukua kile kikapu, akamshikia mwanawe.

Severin akakitazama. Anajua. Hata uwe umekaa Texas miaka yote, mama yako akikushikia kahawa hukatai, na kahawa haitafunwi wima. "Mama, traffic ya I-45 jioni—"

"Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kiti, mkono mmoja bado kwenye sanduku, akatia kahawa mdomoni. Dada naye akarudi kwenye kochi. Akamwangalia bintiye pale chini.

"Amka hapo. Rudisha ya kwanza."

"Ya kwanza ipi, Mama?"

"Ya kwanza kabisa. Siku walipokutana. Nataka yote uliyonificha."

"Mama, you can't be serious," Severin akasema. "Yaani unakubali huu upuuzi?"

"Nani amesema nakubali?" Sauti yake ilimrudisha mwanawe kwenye kiti. "Sijakubali kitu. Nimesema nataka kusikia. Nenda kazime gari, halafu urudi."

Alikwenda, na nilidhani hatarudi, lakini alirudi, akakaa palepale.

Flaviana akaamka, akakaa kando ya mama yake, si karibu sana. Akawasha. Akaanza kutafsiri na sauti yake ilikuwa imekwaruza, lakini kila neno lilikuwa mahali pake. Nilisikiliza Kiingereza kwa sikio moja na Kiswahili kwa lingine, na hakuongeza, na hakupunguza. Hapakuwa na baba katili. Hapakuwa na cheti. Palikuwa na mwanamke mrefu anayeingia dukani kununua mkate akasahau kuuchukua. Dada alikuwa anaguna mara mojamoja. Severin alikuwa anaangalia zulia.

Karibu na mwisho mvua ikanyesha kule kwao, na Mwenye Miwani akaivua miwani yake, akaiweka juu ya meza ya unga. Mrefu akamsogelea. Kidole cha Flaviana, kwa mazoea tu, kikabonyeza, na picha ikaruka mbele.

"Rudisha," dada akasema.

Akarudisha. Nyuso zikakaribiana, na safari hii mtandao haukukwama. Dada alijifunika mdomo kwa kanga, macho akayaacha wazi. Flaviana alikuwa kimya, mashavu yamelowa. Ndani ya nyumba hakuna aliyetafuna.

"Hapo wanasema nini?" dada akauliza.

"Hapo hawasemi kitu, Mama."

Dada yangu alitazama mpaka ikaisha.

"Nimeona," alisema. "Endelea."